Tarakilishi Haisemi, Huulizwa

Kumezuka mazoea ya kuhitimisha mijadala kwa kauli "tarakilishi imesema", kana kwamba mashine ndiyo mtenda na binadamu ni msikilizaji tu. Sisi tunaochunguza lugha hatuna budi kuihoji sentensi hiyo, kwani kiima chake kinapotosha. Kisa cha galaksi kibete chatosha kuwa ushahidi.

Galaksi kibete ni mkusanyiko mdogo wa nyota. Mawingu mawili ya Magellan, yanayoonekana upande wa kusini hata kutoka Kenya usiku usio na mbalamwezi, ni galaksi za aina hiyo zilizo jirani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Kwa kuwa makuzi yake huchukua mabilioni ya miaka, wanasayansi huyaiga kwa tarakilishi: huanza na ulimwengu ungali mchanga, kisha wakaiachia nguvu ya uvutano ifanye kazi yake.

Mnamo 1999 makundi mawili ya watafiti, moja la Anatoly Klypin na jingine la Ben Moore, yalichapisha matokeo ya kutatanisha. Miigo yao ilionyesha mamia ya madonge ya mata ya giza, ambayo hutambulika kwa uvutano wake tu, yakiizunguka galaksi kama yetu. Ilhali galaksi ndogo zilizojulikana angani zilikuwa kama kumi na moja hivi! Je, ni nani aliyekosea, mbingu au mashine?

Mashine ilijibu ilichoulizwa. Programu zile zilihesabu mata ya giza pekee. Hazikuwa na gesi, wala miali ya nyota za mwanzo iliyoipasha gesi hiyo joto, wala nyota zinazolipuka na kuitawanya. Donge dogo lililopokonywa gesi haliumbi nyota, nalo hubaki gizani. Darubini nazo zilikuwa hazijafika mbali; tangu 2005 zimegundua galaksi hafifu nyingi, hata sasa majirani wanaojulikana wamezidi 50. Mnamo 2016 Andrew Wetzel na wenzake waliijumuisha milipuko hiyo katika mwigo uitwao Latte, na hesabu ikakaribiana na ya angani.

Basi tukiambiwa tarakilishi imesema kuhusu mvua, mavuno au idadi ya watu, tusiikatae wala tusiisujudie. Tuulize: ni nani aliyeiuliza, na ni nini alichokiacha nje?