Redio ya Mkononi Yafika Mbali

Ndugu msomaji, je, redio ndogo ya mkononi yaweza kufikisha sauti yako nje ya nchi? Ndiyo, yaweza.

Mawimbi yake huenda moja kwa moja. Ukiwa Muleba, kilima kikikukinga, mwenzako wa Bukoba hakusikii. Lakini angani hakuna kilima. Chombo kilichoko angani hupokea sauti yako na kuirudisha chini papo hapo. Mtu wa mbali huisikia.

Chombo cha kwanza cha watu wa redio za ridhaa, OSCAR 1, kilirushwa tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu baada ya Uhuru wetu. Hicho kilituma alama tu. Baadhi ya vilivyofuata vikapitisha sauti.

Vyombo vya namna hii vinavyopita chini, kiasi cha kilomita 400 juu yetu, huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Utakipata kwa dakika 10 tu, kisha kinazama.

Kwa hiyo, mvuvi wa Bumbire, usikitegemee ziwa likichafuka. Vaa jaketi la kujiokolea.

Na wewe kijana unayetaka kujifunza, anza kwa kuomba leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Leseni kwanza, maneno baadaye.