Mashine Ndogo ya Kuchonga Chuma: Itazame Nguzo Yake Kwanza

Miezi michache iliyopita alinijia nyumbani sajini mmoja mstaafu, mtu tuliyetumikia naye karakana moja kwa miaka mingi. Akaketi barazani, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa picha ya mashine. "Afande," akaniambia, "kiinua mgongo changu kimefika. Mama watoto amekubali nitoe sehemu yake ninunue mashine ya kuchonga chuma, lakini ameapa kwamba nikileta mzigo wa kulaza uani, hatutasikilizana tena. Muuzaji asema hii yaweza kufungwa kompyuta hapo baadaye, ikafanya kazi peke yake. Wewe waonaje?"

Nikamwuliza mashine ile ina uzito wa kilo ngapi, na nguzo yake ni ya mviringo au ni ya mraba. Hakujua. Muuzaji alikuwa amemweleza rangi, kasi, na kioo kidogo chenye tarakimu, basi.

Kwa kuwa najua wako wengine wengi, askari wa jeshi na wa polisi, waliojifunza ufundi wa vyuma kazini na ambao wakistaafu hutamani kuwa na karakana yao wenyewe, naona yafaa nieleze hapa yale niliyomweleza sajini. Fedha ya kiinua mgongo huja mara moja tu, nayo ni ya nyumba nzima.

Kwanza tufahamiane juu ya chombo chenyewe. Katika mashine ya kukereza, chuma ndicho kizungukacho na kisu hutulia. Katika mashine ya kuchonga, ambayo mafundi huiita milingi, kisu ndicho kizungukacho, na chuma kilichobanwa kwa jiliwa juu ya meza husogezwa chini yake: kulia na kushoto, mbele na nyuma, huku kichwa kikipanda na kushuka. Kwa mashine hiyo hulainishwa uso wa chuma, hutobolewa matundu yaliyo sawasawa, na huchimbwa mfereji wa kabari katika shafti. Milingi kubwa za viwandani huhitaji sakafu ya saruji nzito na umeme wa nyaya tatu. Ile ndogo huwekwa juu ya meza imara katika chumba cha uani.

Habari ya kompyuta nayo si uchawi. Mahali pa mikono ya kuzungushia meza hufungwa mota tatu, na kompyuta huziamuru kila moja izunguke kiasi gani na kwa kasi gani. Kazi hii, ambayo kwa kifupi huitwa CNC, ina asili itakayowapendeza wasomaji wetu wa jeshini. John Parsons wa Traverse City, jimbo la Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani likampa mkataba wa kutafuta njia ya kuongoza mashine kwa namba. Mwaka 1952 wataalamu wa chuo cha MIT kule Massachusetts walionyesha hadharani mashine ya kwanza ya namna hiyo. Nayo haikuundwa upya: walichukua milingi ya kawaida ya Cincinnati wakaifungia vyombo vyao. Basi anayetaka kuibadili milingi yake nyumbani anafuata njia ile ile waliyoanza nayo wakubwa.

Lakini wale walichagua mashine nzito na imara ndipo wakaibadili. Hapo ndipo wengi wetu hupotea. Katika mashine ndogo yako mambo yanayoweza kubadilishwa baadaye, na yako yasiyobadilika mpaka mashine ife. Mota hubadilishwa. Parafujo za meza hubadilishwa. Beringi, mikanda, swichi, vyote hubadilishwa. Kisichobadilika ni chuma cha kusubu chenyewe: kitako, meza, reli na nguzo. Kama nguzo inatikisika, au reli zilichongwa vibaya kiwandani, kompyuta itaurudia upungufu huo kwa uaminifu, kazi baada ya kazi.

Nianze na nguzo ya mviringo, kwa sababu ndiyo iliyonitia hasara mimi mwenyewe. Ziko milingi nyingi za jamii ya RF-30, ambazo asili yake ni Taiwan, zenye nguzo nene ya duara kama bomba. Ni mashine nzito, zina nguvu, na zikiwa zimetumika hupatikana kwa bei ya kuvutia. Ubaya wake ni mmoja: ukilegeza kichwa ili kukipandisha, kichwa huweza kuzunguka kuifuata nguzo, na ile alama uliyoipata kwa taabu hupotea. Niliwahi kutengeneza kibano cha sanduku la gia kwa mashine ya namna hiyo. Nikachonga uso kwa kisu kifupi, kisha nikapandisha kichwa ili nifunge keekee ndefu. Matundu manne yote yakaangukia pembeni kwa karibu milimita moja. Kibano kile kingali kwangu. Kinazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Kwa kazi ya mkono, fundi mwenye subira huweza kuizoea mashine hiyo. Kwa kompyuta, ambayo lazima ipandishe na kushusha kichwa bila kupoteza mahali pake, nguzo ya mviringo siishauri hata kidogo.

Nguzo ifaayo ni ile ya mraba, yenye reli zilizochongwa ubavuni, kichwa kikiteleza juu yake kwa mstari mmoja. Nazo zina tofauti zake. Ndogo iliyoenea sana ni X2 ya kiwanda cha Sieg cha Shanghai, ambayo huuzwa kwa majina na rangi nyingi. Uzito wake ni kama kilo 50, na mota ya zile za awali ni ya wati 350. Wanaume wawili huibeba bila shida. Zile za awali nguzo yake huweza kulazwa upande, nayo hushikwa chini kwa nati moja kubwa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: kisu kikizama katika chuma kigumu, nguzo hutetema. Gia zake za plastiki nazo zina sifa ya kuvunjika. Wako waliotengeneza kazi nzuri kwa X2, hasa ya shaba na alumini, lakini ni kwa kukata kidogo kidogo.

Hatua ya juu yake ni jamii ya BF20, ambayo Marekani imeuzwa na Grizzly kwa jina la G0704. Hii ina uzito unaozidi kilo 100, na meza yake husafiri karibu milimita 480 kwa urefu. Imebadilishwa kuwa ya kompyuta na mafundi wengi duniani, na faida ya jambo hilo ni kwamba michoro ya vipande vya kufungia mota inapatikana na makosa ya waliotangulia yanajulikana. Kwa mtu wa karakana ya nyumbani anayetaka kuchonga chuma cha pua mara kwa mara, mimi huona kwamba hapa ndipo pa kuanzia. Sherline ya California ni chombo safi sana na huuzwa hata ikiwa tayari kwa mota, lakini ni ya kazi ndogo za mfano wa vipuri vya saa. Haitachonga shafti ya trekta.

Sasa niseme juu ya ulegevu wa parafujo, ule ambao mafundi wa gereji huuita plei. Ukizungusha mkono wa meza upande wa kulia kisha ukageuza kushoto, mkono huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Fundi wa mkono anaujua ulegevu huo na huuhesabu kichwani. Kompyuta haiuoni. Mota zinazotumika nyumbani ni mota za hatua, na kwa kawaida mzunguko mmoja hugawanywa katika hatua 200. Ikiwa parafujo husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, hatua moja ni milimita 0.025, chini ya unene wa unywele. Lakini ulegevu ukiwa milimita 0.2, mota itapiga hatua nane na meza imesimama palepale, ilhali kompyuta huhesabu kwamba imekwisha fika. Mwambie achonge duara, nawe utapata kitu chenye vigongo vinne mahali meza ilipogeuka. Programu huweza kuambiwa iongeze hatua hizo nane, lakini haiwezi kuizuia meza isivutwe na kisu ndani ya ule ulegevu. Hapo ndipo visu huvunjika.

Dawa yake ni parafujo ya gololi, ambamo nati hutembea juu ya gololi ndogo za chuma bila nafasi ya kucheza. Ni kitu kizuri, lakini kina tabia ambayo wauzaji hawaisemi. Parafujo ya kawaida hujizuia yenyewe. Ya gololi huteleza upande wowote isukumwapo. Umeme ukikatika, kichwa kizito chaweza kushuka chenyewe juu ya kazi, au juu ya kidole, kama hakikuwekewa breki au uzani wa kukipinga. Tena ukiifunga kabla ya kufunga mota, meza itasukumwa na kisu huku wewe umeshika mkono. Kwa hiyo usiharakishe kununua parafujo za gololi ati kwa sababu zina bei nzuri leo.

Na umeme wenyewe? Kompyuta ikizimika katikati ya kazi husahau meza iko wapi, na kazi hiyo huanza upya ikiwa chuma bado kinafaa. Katika mitaa ambako umeme hukatika mara mbili kwa juma, jambo hili lihesabiwe mapema. Angalia pia kibati cha mota: mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa za volti 110, na ukiichomeka katika umeme wetu wa volti 240 bila transfoma, utasikia harufu kabla hujasikia sauti.

Sajini alirudi juma lililofuata pamoja na mkewe. Tulipokuwa tukinywa chai, mama yule aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Shemeji, hiyo kompyuta isipofungwa kamwe, mashine hii itatulisha?" Nilimwambia kwamba tangu nianze kushauri watu juu ya vyombo sijasikia swali bora kuliko hilo. Wengi hununua mashine kwa ajili ya siku ya kompyuta, na siku hiyo haifiki: fedha huisha, au macho huchoka, au kazi za mkono huwa nyingi hata hakuna nafasi ya kuisimamisha. Mota, vyombo vya kuziongoza, parafujo na ugavi wa umeme kwa pamoja aghalabu hukaribia bei ya mashine yenyewe. Programu si tatizo, maana LinuxCNC hutolewa bure. Na kabla ya hayo yote kuna jiliwa nzuri, visu, koleti na vipimo, ambavyo bila ya hivyo mashine ni pambo tu. Ukipata nafasi ya kuchagua tundu la kichwa, chagua R8, koni iliyobuniwa na kiwanda cha Bridgeport cha Connecticut, kwa kuwa huachia kisu kwa wepesi. Ile ya Morse namba 3 hung'ang'ania, na kila pigo la nyundo la kuitoa huumiza beringi.

Nikamwazima sajini saa yangu ya kupimia, nikamwonyesha la kufanya mbele ya muuzaji. Aizungushe meza upande mmoja mpaka mshale usogee, kisha aigeuze na kuhesabu mistari mpaka usogee tena. Aishike meza ncha zote mbili na kuitikisa. Aweke skwea juu ya meza, akishushe kichwa na kupandisha, atazame kama nguzo imesimama wima. Kisha aiwashe robo saa nzima, aguse kichwa karibu na beringi baada ya kuizima. Muuzaji asiyekubali vipimo hivyo amekwisha kujibu.

Mama watoto naye nilimpa lake: mtoto asiingie chumba hicho mashine iwapo inazunguka, miwani ya kinga ining'inie mlangoni, na mzee asivae glovu wala mikono mirefu mbele ya kisu. Glovu ikinaswa, mkono huifuata. Vipande vya chuma vifagiliwe kwa brashi, visipulizwe kwa mdomo wala kuokotwa kwa vidole, kwa maana hukata kama wembe na huingia ndani kwa kandambili.

Ile ya kwenye picha ilikuwa na nguzo ya mviringo. Wakaiacha. Baada ya muda walipata iliyotumika ya jamii ya BF20, yenye ulegevu mkubwa upande mmoja wa meza. Tukaishughulikia nati, tukakaza kabari za reli, ukapungua hata kufaa kwa kazi ya mkono. Kazi yake ya kwanza ya malipo ilikuwa mfereji wa kabari katika shafti ya mashine ya kusagia unga ya jirani. Tangu hapo zimekuja shafti nyingine, na puli mbili. Fedha ya mota na parafujo za gololi ingali katika chama cha akiba na mikopo, na kitabu chake anakiweka mama watoto.