Mlio wa Chura kama Ushahidi: Namna ya Kuurekodi na Kuutambua

Mwanaisimu anayerekodi lugha isiyoandikwa anajua kwamba tofauti ndogo ya sauti yaweza kubadili maana nzima. Wataalamu wa wanyama nao hufuata kanuni iliyo karibu na hiyo. Katika makala haya tutaeleza jinsi vyura wanavyorekodiwa na kutambuliwa kwa milio yao katika ardhi oevu za Marekani ya mashariki, mwanzoni mwa majira ya kuchipua.

1. Waliao

Baridi inapopungua, mnamo mwezi wa Machi, vyura madume hukusanyika katika vinamasi na madimbwi ili kuwaita majike. Kila spishi ina mlio wake. Pseudacris crucifer, mwenye urefu wa sentimita 2 hadi 3 hivi, hupiga mluzi mwembamba unaopanda. Rana sylvatica husikika kama bata. Pseudacris feriarum hutoa mkwaruzo mfano wa ukucha upitishwao juu ya meno ya kitana.

2. Kurekodi

Msikilizaji hufika baada ya jua kutua, akasimama kimya dakika chache, maana hatua za binadamu huwanyamazisha vyura. Ndipo huwasha kinasa sauti na kutamka tarehe, saa, mahali na halijoto. Halijoto haitajwi bure: joto likipanda, vyura wengi hulia kwa kasi zaidi, na asiyeiandika aweza kudhani spishi moja kuwa mbili. Wingi hupimwa kwa ngazi 3. Katika ngazi ya 1, kila mlio husikika peke yake. Katika ya 2, milio huingiliana lakini bado yatofautika. Katika ya 3, ni kwaya isiyokatika. Hatimaye rekodi hugeuzwa kuwa spektrogramu, ileile tuitumiayo katika fonetiki. Humo mluzi wa crucifer huonekana karibu na herzi 3,000.

3. Mfano wa New York

Mwaka 1937, Carl Kauffeld alidai kwamba pande za New York kulikuwa na spishi ya tatu ya chura wa madoadoa, mbali na zile mbili zilizojulikana. Dai lake halikukubaliwa, kwani kwa macho vyura hao hufanana mno. Lakini mmoja hukoroma kwa muda mrefu, wa pili hurudia sauti fupi upesi upesi, na huyu wa tatu hutoa mlio mmoja mfupi, kisha hunyamaza. Mlio huo, pamoja na uchunguzi wa chembe za urithi, ulimwezesha Jeremy Feinberg na wenzake kuthibitisha spishi hiyo mwaka 2014. Waliiita Rana kauffeldi.

Miaka 77 ilikuwa imepita. Kiumbe kisicho na jina lake hakihesabiwi wala hakilindwi. Ilipopewa jina, spishi hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka katika kisiwa cha Long Island.

Kwetu sisi tunaorekodi masimulizi na lahaja, funzo ni lilelile. Sauti iliyonaswa bila tarehe wala mahali haithibitishi kitu. Ikiwa navyo, yaweza kumsadikisha hata msikilizaji atakayezaliwa baada yetu.