Picha ya Mgonjwa Isiwe Mateka wa Mashine

Mgonjwa aliyepigwa picha ya CT akihamishiwa hospitali nyingine, mara nyingi huja na diski mkononi. Kuna nyakati diski hiyo haifunguki: faili zimo, lakini kompyuta inayozipokea haina programu ya kampuni iliyotengeneza mashine. Daktari hulazimika kuchagua: asubiri, au apige picha upya. Kupiga upya ni gharama, ni muda, na ni mionzi; CT moja ya kifua huweza kutoa mionzi makumi ya mara kuliko eksirei ya kawaida ya kifua.

Kiini cha tatizo ni fomati, yaani utaratibu wa kupanga taarifa ndani ya faili. Maelezo ya fomati iliyo wazi yamechapishwa, na fundi yeyote aweza kuunda programu ya kuisoma. Maelezo ya fomati iliyofungwa ni siri ya kampuni.

Mashine za CT zilipoenea katika miaka ya 1970, kila mtengenezaji alihifadhi picha kwa njia yake. Mwaka 1983, chama cha madaktari wa radiolojia cha Marekani, ACR, na chama cha watengenezaji, NEMA, viliunda kamati ya pamoja. Kiwango cha kwanza kilitolewa 1985. Toleo la 1993 likaitwa DICOM. Leo hiyo ndiyo lugha ya pamoja ya picha za tiba, na maelezo yake hupatikana bure.

Hata hivyo mjadala haujaisha. Katika patholojia, hadubini nyingi za kidijitali bado huhifadhi picha kwa fomati za kampuni. Watengenezaji hudai kwamba fomati yao huwawezesha kuleta uwezo mpya bila kusubiri kamati. Hoja hiyo ina uzito, kwani makubaliano huchukua muda. Lakini kampuni ikiacha kuhudumia programu yake, kumbukumbu za miaka mingi hugeuka sanduku lisilo na ufunguo, na anayeumia ni mgonjwa.

Wengine huhofu kwamba uwazi utaanika siri za wagonjwa. Hayo ni mambo mawili. Sarufi ya Kiswahili i wazi kwa wote, wala barua yako haisomwi na jirani kwa sababu hiyo. Faili ya fomati iliyo wazi yaweza kulindwa kwa nywila na kwa usimbaji.

Basi hospitali inunuapo mashine, mkataba utamke kwamba picha zote zitatolewa kwa DICOM, bila malipo ya ziada. Nawe mgonjwa, omba nakala ya DICOM pamoja na ripoti. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hupoteza mengi ambayo daktari angehitaji kuyaona. Mashine ni ya hospitali, ubunifu ni wa kampuni, lakini mwili uliopigwa picha ni wako.