Fidia ya korona: tarehe ilipopanga bei ya ng'ombe

Aprili 2020, ng'ombe aliyenona nchini Marekani hakuwa na pa kwenda. Wafanyakazi wa machinjio walikuwa wakiugua korona, na milango ikafungwa: ya kampuni ya JBS kule Greeley, Colorado, kisha mwanzoni mwa Mei ya kampuni ya Tyson kule Dakota City, Nebraska. Kampuni nne tu ndizo huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wanaonenepeshwa nchini humo, kwa hiyo machinjio yakisimama, foleni hurudi nyuma hadi malishoni. Bei ya ng'ombe hai ikaporomoka huku nyama ikizidi kupanda bei.

Mkiani mwa foleni hiyo iko Kaunti ya Cherry, Nebraska. Ni kubwa kuliko jimbo zima la Connecticut, lakini wakazi wake hawafiki 6,000. Ardhi ni vilima vya mchanga vilivyovikwa nyasi. Ukivichimbua kwa jembe, upepo utavihamisha. Basi watu wanafuga. Ng'ombe huzaa majira ya kuchipua, ndama huachishwa kunyonya miezi ya baridi ikikaribia, ndipo hupelekwa mnadani.

Kalenda hiyo ndiyo iliyowaponza. Aprili 17 Waziri wa Kilimo, Sonny Perdue, alitangaza msaada wa dola bilioni 19, kati yake bilioni 16 zikiwa za kulipwa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Maombi yakaanza kupokewa Mei 26, mengi kwa simu na barua pepe kwa kuwa ofisi zilikuwa zimefungiwa wageni. Mfugaji alijaza idadi ya mifugo yake na kuapa kwa saini kwamba ni kweli. Huko Cherry, kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumuuliza ana pesa ngapi benki. Msomaji wa Simiyu au Kajiado hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tazama viwango. Ng'ombe aliyenenepeshwa akauzwa kwa kuchinjwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alilipiwa dola 214. Ambaye bado alikuwa zizini kuanzia Aprili 16 hadi Mei 14 alilipiwa dola 33. Ng'ombe ni yuleyule, siku moja tu imepita, na aliyebaki zizini ndiye aliyekumbana na soko bovu zaidi.

Tuseme mfugaji wa Cherry alikuwa na majike 500 na ndama 400 waliokwisha kuzaliwa. Hajauza hata mmoja, maana si msimu wake. Hesabu yake ni 900 mara 33: dola 29,700. Mwenye kunenepesha aliyewahi kuuza ng'ombe 1,000 kufikia Aprili 15 alistahili dola 214,000, karibu agonge kikomo cha 250,000 alichowekewa kila mtu. Sisemi mnenepeshaji hakuumia. Aliumia sana, tena kwa ng'ombe aliowanunua ghali. Lakini fomu haikumuuliza yeyote amepoteza kiasi gani. Iliuliza vichwa na tarehe.

Awamu ya pili, iliyotangazwa Septemba, ilijaribu kurekebisha. Kila ng'ombe wa nyama dola 55, bila kujali kama ameuzwa, kwa kuhesabu siku mifugo ilipokuwa mingi zaidi kati ya Aprili 16 na Agosti 31. Ila ng'ombe wa kuzalisha wakaondolewa. Kwa kaunti inayoishi kwa ng'ombe wazazi, hilo lilimaanisha majike 500 wa mfano wetu hawana thamani kwenye karatasi, wanahesabiwa ndama wao tu.

Machi 2021, chini ya serikali mpya ya Joe Biden, ikaja nyongeza kwa waliolipwa awamu ya kwanza, nayo haikuhitaji kuomba upya. Ng'ombe aliyenenepeshwa kwa ajili ya kuchinjwa akaongezewa dola 63. Wale wa kundi la "ng'ombe wengine", wanamoingia majike wa Cherry, wakaongezewa dola 17 na senti 25.