Kitabu gani cha fizike kwa mwaka wa kwanza?

Wandugu, kila mwaka wadogo wetu wanaoingia agro wananiuliza watafute kitabu gani cha fizike, juu silabusi peke yake haiwatoshi. Wengi wanapenda kile kiko na mazoezi mengi yaliyokwisha kufanywa. Mimi nawaambia waangalie kitu kingine.

Fikiria fuso imegonga moto barabarani. Nani amesukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Wengi watasema fuso. Kumbe, kwa sheria ya 3 ya Newton, nguvu ni sawasawa pande zote mbili. Moto inarushwa mbali juu masi yake ni ndogo. Mwanafunzi anaweza kuandika sheria hiyo vizuri kwenye mtihani, halafu ukimuuliza ulizo hili anajibu tu fuso.

Maulizo ya namna hii, bila hesabu hata moja, njo David Hestenes na wenzake wa Marekani walitoa mwaka 1992 katika jaribio linaloitwa Force Concept Inventory. Mwaka 1998 Richard Hake alilinganisha kozi 62, wanafunzi zaidi ya 6.000. Pale profesa anasema na wanafunzi wanaandika tu, darasa lilipata kwa wastani asilimia 23 ya yale halikujua mwanzoni. Pale wanafunzi wanajadiliana na kujibu, asilimia 48.

Kuna vitabu vilivyoandikwa kwa kufuata utafiti huo. Kile cha Randall Knight, Physics for Scientists and Engineers, kinaanza na michoro ya mwendo mbele ya formule, na kiko na daftari la kazi ambamo unachora na kueleza. Kwangu njo cha kwanza. Matter and Interactions cha Chabay na Sherwood ni kizuri sana, lakini kinaomba uandike programu kwenye kompyuta, na umeme wetu munaujua. Vyote viwili niliwahi kuona kwa Kiingereza tu, basi mutafute mwenzenu mwenye kukielewa. Na musisahau: zile asilimia 48 zilitoka kwa majadiliano. Kitabu cha kulala kwenye kabati hakisaidie mtu.

Kwa sisi wa agro hii si mchezo. Maji yanaweza kutoka kwenye mchanga wenye maji kidogo, yaingie kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji mengi kuupita, juu yanafuata mvuto wa udongo, hayafuate wingi. Mwenye kushika formule tu atamwagilia shamba la watu vibaya.

Basi kabla hamujatoa makuta, mufungue pale kwenye sheria ya 3. Ukiona formule, halafu mifano kumi ya hesabu, kirudishe. Kikikuuliza kwanza wewe unafikiri nini, halafu kikakuonyesha kwa nini wengi wanasema fuso, ulizia bei.