Kufumwa kwa Mwanga na Kufumuka kwa Maji

Katika kueleza dawa mpya kwa Kiswahili, mara nyingi ugumu hauko katika kupata neno, bali katika kukijua kitendo chenyewe. Mfano mmoja ni nyavu za polima zigandishwazo kwa mwanga ili zishike dawa na kuitoa kidogo kidogo.

Mwaka 1993 Jeffrey Hubbell na wenziwe, katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani, walieleza wavu wa namna hiyo. Katikati ya kila uzi pana polietilini glikoli, ipendayo maji. Kila upande vipande vifupi vya asidi ya laktiki au ya glikoliki. Na nchani akrilati. Mchanganyiko huo ni majimaji mpaka umulikwe. Hapo kemikali kidogo iliyotiwa ndani hupokea mwanga, ncha za akrilati hushikana, na majimaji huganda pamoja na dawa iliyomo.

Dawa ya chembe ndogo hupenya upesi katika macho ya wavu. Protini, kwa ukubwa wake, hunaswa. Kisha maji ya mwilini hukata sehemu za asidi, macho yakapanuka, na protini ikatoka. Kwa kuchagua asidi, wavu uliweza kupangiwa kudumu chini ya siku 1, au hata miezi 4.

Je, kitendo hicho kiitweje? Kuoza huleta fikira ya uvundo na kazi ya vijidudu, navyo hapa havihitajiwi. Tena mgonjwa aambiwaye kwamba kitu kitaoza mwilini mwake hakosi sababu ya kukikataa. Kuyeyuka ni kwa samli na barafu, ambazo hubadili hali pasipo kukatika. Kumeng'enyuka hudhaniwa kuwa kazi ya tumbo. Lililo karibu zaidi ni kufumuka, kwa kuwa hutangua kufumwa, kama kukunjuka kutanguavyo kukunjwa.

Hata hivyo neno hili lina upungufu. Kitambaa kikifumuka hurudi kuwa uzi ule ule. Wavu huu haurudi. Vifundo vilivyofungwa na mwanga havifunguki, bali hukatika nyuzi zilizo kati yao, na mabaki yake ni polietilini glikoli, asidi, na minyororo mifupi ya asidi ya akriliki. Kwa hiyo yafaa kusema "wavu unaofumuka kwa maji", kisha mabaki yatajwe waziwazi. Neno zuri lisimfiche mgonjwa kile kinachosalia mwilini mwake baada ya wavu kutoweka.